Binti zangu, msiwaache waume zenu peke yao

Bwana Yesu asifiwe, binti zangu.

Nawaandikia ninyi mlio kwenye mafundisho ya ndoa, ambao majina yenu yameanza kutangazwa kanisani Jumapili hizi. Paulo alimwagiza Tito kwamba wazee wa kike wawatie wanawake vijana akili. Nimeolewa miaka 38, kwa hiyo agizo hilo linanihusu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kicheni pati ya mmoja wenu. Mlifundwa mengi mema. Kisha mama mmoja akashika kipaza sauti akasema, "Mume akisema, wewe kimya. Ndivyo Biblia inavyotaka." Ukumbi mzima ukashangilia kwa vigelegele. Mimi nilishindwa, kwa sababu nilikuwa nakumbuka kalamu.

Ulikuwa mwaka wa tano wa ndoa yetu, tukiishi Njombe. Shemeji yangu alikuwa anafanya biashara ya viazi, akamwomba mume wangu aweke nyumba yetu rehani ili apate mkopo. Wiki ileile nilikuwa nimepita stoo kwake. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi dirishani, viazi vimeota machipukizi yanayotokeza kwenye matundu ya gunia, na mizani imefunikwa turubai. Nilijua kabisa kwamba biashara ile imekufa. Jioni waliponiletea karatasi ya ridhaa ya mke, nilikuwa namimina chai. Hawakuwa na kalamu. Nikaenda kuitoa kwenye mkoba wa shule wa mwanangu, nikaweka sahihi, nikarudi kwenye chupa ya chai. Moyoni nilijiona mke mtiifu.

Nyumba iliuzwa. Tulihamia vyumba viwili vya kupanga, sisi na watoto watatu. Usiku mmoja mume wangu akaniuliza kama nilikuwa najua hali ya ile stoo. Nikamwambia nilijua. "Mbona hukusema?" Nikajibu kwamba nilifundishwa kutii. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Kumbe siku ile nilikuwa peke yangu."

Neno hilo ndilo lililonirudisha kwenye Mwanzo 2:18. "Si vema huyo mtu awe peke yake, nitamfanyia msaidizi wa kufanana naye." Tunapenda kulisoma hilo neno msaidizi kana kwamba ni kibarua wa kumfulia na kumpikia. Lakini katika Kiebrania neno ni *ezer*, na Zaburi hulitumia kwa Mungu mwenyewe: "Msaada wangu u katika BWANA." Msaidizi ni yule anayekuja na kile ambacho mwenzake amekosa. Mume wangu alikosa habari ya stoo. Mimi nilikuwa nayo, nikaikalia. Nilimwacha katika hali ileile ambayo Mungu aliiona si njema, tena huku nimeketi naye meza moja.

Msinielewe vibaya. Sijaja kuwafundisha kushindana na waume zenu. Naamini Waefeso 5 kama ilivyoandikwa: mume ni kichwa cha mkewe, na mke amtii. Mkishazungumza mkashindwa kukubaliana, na jambo lenyewe si dhambi wala si la kuangamiza nyumba, mwachie aamue, wala usimsimange likiharibika. Hilo ni gumu, nami nimelifanya mara nyingi. Ila atii kitu gani mke ambaye hajasema neno? Mke wa Mithali 31 anaangalia shamba akalinunua, na "hufumbua kinywa chake kwa hekima." Kinywa kimetajwa pale pamoja na mikono.

Namna ya kusema ina adabu yake. Someni 1 Samweli 25. Abigaili aliposikia kwamba mumewe Nabali amemtukana Daudi, na wanaume mia nne wanakuja na panga, alipakia punda mikate mia mbili, viriba viwili vya divai na kondoo watano, akaenda kuizuia damu. Nyumbani alimkuta Nabali amelewa chakari. Hakumwambia neno usiku ule. Alingoja asubuhi, divai ilipomtoka. Nanyi ngojeni asubuhi. Msiseme mbele ya mawifi wala mbele ya watoto, wala msianze kwa dada zenu kwenye simu. Mfuate chumbani, mweleze ulichokiona kwa macho yako, kisha nyamaza umpe nafasi ya kufikiri.

Karatasi yoyote inayohusu nyumba, isome kabla ya kusaini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume auze au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe. Nchi yenyewe inataka kusikia unasema nini.

Na kipigo. Mkiambiwa "funika kombe mwanaharamu apite" juu ya kupigwa, kataeni. Sheria hiyohiyo inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na Paulo amemwagiza mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Akikupiga, toka, uende kwa wazazi, kwa mchungaji, kwa polisi. Au njoo kwangu, hata iwe usiku wa manane. Kumficha hakumsaidii.

Mume wangu alijenga tena, polepole, kwa tofali za kuchoma. Siku hizi akiletewa jambo husema, "Ngoja kwanza nimsikie mama." Wapo wanaomcheka kwamba ametawaliwa. Yeye hajali.

Jumamosi hii nitakuwa ukumbi wa kanisa saa tisa alasiri. Njooni na wachumba wenu, nao wana mstari wao wa kusoma katika Waefeso 5, ule wa 25.

Mama yenu katika Bwana.