Uwanja wa Olmoti usiachwe peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie uwanja mpya wa mpira wa kata ya Olmoti, hapa Arusha. Mkataba wake uliosainiwa Machi 2024 ni wa takriban Sh286 bilioni, uwanja wa kuingiza watu 30,000, kwa ajili ya AFCON ya 2027 tuliyopewa pamoja na Kenya na Uganda. Sina ugomvi na fedha hizo. Swali langu ni hili: nje ya ukuta zimetengwa shilingi ngapi?

Nimekulia Ngarenaro, jirani na Sheikh Amri Abeid. Uwanja ule ni mkongwe, lakini ukitoka getini tu umeshafika stendi. Daladala zipo, maduka yapo. Kuna mama anauza chapati na maharage pale karibu. Siku za kawaida hukanda kilo nne za unga, siku ya mechi hukanda kilo kumi, na nimemkuta saa moja jioni anakunja meza, sufuria limekwanguliwa hadi chini. Riziki yake inatoka kwenye mji uliokwisha kuuzunguka uwanja. Olmoti mji huo inabidi upelekwe.

Mechi za AFCON zitakuwa chache, na Simba na Yanga makao yao ni Dar es Salaam. Biashara ya Olmoti haiwezi kuishi kwa siku za mechi. Inataka barabara za mitaa zenye lami na mitaro, maana masika ya Arusha tunayajua, bodaboda hukwama na abiria akashuka kusukuma. Inataka maji, taa, vyoo vya umma, stendi ya daladala, na vizimba vya mama lishe vichorwe kwenye ramani mapema, kabla mgambo hawajaitwa kuwafukuza.

Fedha zipo ardhini. Uwanja wa serikali ukisimama, kiwanja cha jirani hupanda bei bila mwenyewe kuweka hata tofali. Thamani hiyo imeletwa na kodi zetu sote. Lakini kodi ya jengo tunayokatwa tukinunua umeme wa LUKU, Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ni ileile uwe ubavuni mwa uwanja au mbali nao. Kwa hiyo Jiji lipime eneo lote, libaki na viwanja vya biashara vya barabarani na kuvikodisha lenyewe, kodi iingie mfuko wa miundombinu wa kata, na hesabu zibandikwe ofisi ya mtaa. Anayehamishwa alipwe kwanza, kwa bei ya soko ya siku anayolipwa.

Waheshimiwa madiwani, bajeti inapita mikononi mwenu kila mwaka. Katika hiyo ijayo tuonyesheni kifungu cha Olmoti, na tarakimu zake.

Mkazi wa Ngarenaro,
Arusha