Supu yetu ya mbavu: kwa nini haina rangi, kwa nini inakohoza, na kwa nini saa nne imeshaisha

Juzi asubuhi mama mmoja alikaa meza ya pembeni, akaletewa bakuli, akalitazama, kisha akaniita. "Kaka, hii mmesahau nyanya?" Nikamwambia hatujasahau, aonje kwanza. Akachota kijiko, akameza, akakohoa, akapangusa jicho kwa ncha ya kanga. "Pilipili iko wapi? Mbona siioni?"

Swali hilo naulizwa karibu kila siku tangu tuanze kuuza supu ya mbavu za kitimoto, yaani nguruwe, hapa Sinza. Nimeona nilijibu vizuri kwa maandishi, pamoja na mengine mnayoniuliza mkiwa mmekaa mnasubiri.

Pilipili imo, tena nyingi. Ni pilipili manga nyeupe, na imeingia kwenye supu kabla hamjaamka.

Supu hii sikuibuni mimi. Niliionja mara ya kwanza Singapore, enzi zile nikiwa msaidizi wa jikoni kwenye meli ya mizigo. Tulipata saa chache za kushuka, na mwenyeji mmoja akatupeleka watatu kwenye mgahawa wa kawaida kabisa, viti vya plastiki, feni inazunguka juu, wazee wanasoma magazeti huku wanakunywa chai. Tukaletewa mabakuli madogo. Ndani kulikuwa na mbavu mbili, kila moja ndefu kama kiganja changu, vitunguu swaumu vizima vikiwa na maganda yake, na mchuzi mweupe ambao ungeweza kuona chini ya bakuli. Nilipoinama, mvuke ukanipanda puani. Nikabonyeza punje ya kitunguu swaumu kwa kijiko, ikatoka kwenye ganda laini kama uji. Kabla sijafika nusu, mhudumu akapita na birika kubwa akanijazia tena supu, bila kuniuliza na bila kunitoza. Jambo hilo la kuongezewa lilinigusa kuliko hata ladha.

Wenyewe wanaiita bak kut teh. Kwa Kihokkien, mojawapo ya lugha za Wachina wa kule, maana yake ni nyama, mfupa, chai. Ndani ya supu ya namna ile niliyokula hamna jani la chai. Chai hunywewa pembeni, kali, bila sukari wala maziwa, kwenye vikombe vidogo kama vile vya wauza kahawa wa Kariakoo, na kazi yake ni kukata mafuta mdomoni. Kule Klang, Malaysia, supu yenye jina hilohilo ni nyeusi kwa mchuzi wa soya na imejaa mizizi na mitishamba. Ya Singapore iliyoenea ni ya Wateochew, Wachina ambao asili yao ni mashariki ya jimbo la Guangdong, na hiyo ndiyo tunayoifuata: mbavu, vitunguu swaumu, pilipili manga, chumvi, na soya kidogo sana. Husimuliwa kwamba wapagazi wa gati za Mto Singapore waliinywa asubuhi ili wapate nguvu ya kubeba magunia. Mgahawa mmoja ambao leo una jina kubwa kwa supu hii, Song Fa, ulianza mwaka 1969 ukiwa mkokoteni kwenye barabara ya Johore. Sisi tunaopikia kwenye banda tunalikumbuka hilo kila tunapowasha mkaa.

Sasa pilipili yenyewe. Wengi wetu tunaijua ile nyeusi ya kwenye pilau na chai. Nyeusi na nyeupe ni za mmea mmoja, ule unaotambaa juu ya miti mingine kama tunavyouona mashamba ya Unguja na kwenye milima ya Amani kule Muheza. Nyeusi huchumwa ikiwa bado ya kijani, ikaanikwa juani mpaka ganda likasinyaa na kuwa jeusi. Nyeupe huachwa iive, ikalowekwa majini siku kadhaa mpaka ganda lioze na kulainika, likasuguliwa likatoka, ndipo kiini kikaanikwa. Kazi inakuwa ndefu na uzito unapungua, kwa hiyo bei inapanda. Kule Singapore wanasifu sana ya Sarawak, jimbo la Malaysia. Sisi tunanunua ya Unguja inapopatikana, na inapokosekana tunachanganya na nyeusi ya Muheza. Siku hizo mtaona supu ina vidoadoa na imekaza kidogo. Si uchafu.

Jina nalo lina historia yake. Manga ni jina la zamani la Uarabuni, upande wa Omani hasa, na ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye komamanga. Asili ya mmea ni India, lakini watu wa pwani walitaja bidhaa kwa mlango iliyoingilia.

Pilipili mbuzi hukamata ulimi na midomo hapohapo. Pilipili manga haina haraka. Inapita mdomoni kwa upole, halafu unaikuta kooni, kisha kifuani, na jasho linatoka nyuma ya masikio. Ndiyo sababu wanaoijua pilipili mbuzi tangu utotoni bado wanakohoa hapa kwetu. Ukali wake hauyeyuki vizuri kwenye maji, unashikamana na mafuta. Yale macho madogo ya mafuta yanayoelea juu ndiyo yaliyobeba ukali, kwa hiyo nawaomba msituambie tuyaengue yote. Tunaengua yaliyozidi, tunayabakiza ya kutosha. Kuhusu harufu, hiyo ikichemka muda mrefu inakimbia na mvuke. Kwa hiyo tunaitia pilipili mara mbili: nzima iliyopondwa kidogo kwenye kinu, imefungwa ndani ya kitambaa, tangu mwanzo, na nyingine iliyosagwa asubuhi ileile, dakika chache kabla ya kupakua. Ile ya paketi iliyosagwa miezi sita iliyopita hatuitumii kwenye supu hii, inawasha tu, haina harufu.

Jiko linawaka saa tisa na nusu usiku. Mbavu zimeshakatwa bucha jana yake jioni, zimeoshwa. Tunazichemsha kwanza kwa dakika kama tano kwenye maji ya moto sana, povu la kijivu linapanda, halafu maji yale tunayamwaga yote, tunasuuza kila kipande na sufuria pia. Mteja mmoja aliyewahi kupita alfajiri alisikitika, akasema tunamwaga utamu. Namwelewa, wengi tumelelewa hivyo. Ila kinachokwenda na maji yale ni damu na vumbi la mfupa uliokatwa, ndivyo vinavyofanya supu iwe na harufu ile ambayo watu huizima kwa nyanya na binzari. Sisi hatuna cha kuizimia.

Baada ya hapo mbavu zinaingia kwenye maji mapya ya moto. Kwa kila kilo moja tunaweka lita mbili, vichwa viwili vya vitunguu swaumu visivyomenywa, na vijiko viwili vya mezani vya pilipili manga. Chumvi inakuja mwishoni. Ikishachemka, tunatoa mkaa na kuufunika majivu ule uliobaki, sufuria litokote tu, kipovu kimoja hapa kimoja pale, saa moja na nusu mpaka mbili. Hapo ndipo zile nyuzi nyeupe zinazoshika nyama na mfupa zinapolegea na kuingia kwenye supu, ukiinywa midomo inanata kidogo. Nyama inashika mfupa lakini ukivuta kwa meno inaachia yote kwa pamoja. Nyama iliyojiachia yenyewe sufuriani, kwangu mimi, imepita.

Mwezi uliopita tulikosea hapa, na waliokuwepo Jumamosi ile wanakumbuka. Watu walikuja wengi kuliko kawaida, sufuria la kwanza likaisha saa moja na nusu, na la pili tukalipandishia moto mkali ili liwahi. Moto mkali unayavuruga mafuta yakachanganyika na maji, supu ikawa ya maziwamaziwa, na nyama ikawa ngumu kama kamba. Mzee mmoja ambaye huja kila wikiendi alirudisha bakuli bila kusema neno, akalipa, akaondoka. Nilimfuata mpaka barabarani kumrudishia hela yake. Alizipokea, akaniambia, "Bora ungeniambia imeisha, mwanangu." Tangu siku hiyo, ikiisha tunasema imeisha. Tunapika masufuria mawili tu, yote yanawashwa usiku, na kwa kawaida saa nne asubuhi yamekauka. Hatuna njia ya kuongeza la tatu kwa haraka likawa supu ileile.

Siku nyingine mnatukuta hatuna kabisa. Mara nyingi ni nguruwe wenyewe. Homa ya nguruwe ikilipuka mahali, serikali inazuia nguruwe na nyama yake kusafirishwa kutoka eneo hilo, na bucha letu linakosa. Homa hiyo, ambayo maelezo yake ya kwanza ya kitaalamu yalitoka Kenya mwaka 1921, haimpati binadamu, lakini inaua nguruwe na kumfilisi mfugaji. Wakati kama huo wapo wanaopita na nyama ya bei rahisi kwenye ndoo, haina mhuri, haijulikani imechinjwa wapi. Hatununui. Tunafunga jiko la supu siku hiyo.

Mhuri ni jambo ambalo mnayo haki kuliuliza, hapa kwetu na popote mnapokula kitimoto. Mkaguzi wa nyama anatafuta, pamoja na mengine, vilengelenge vyeupe vidogo kama punje za mchele ndani ya nyama. Hao ni watoto wa tegu, mnyoo wa tumboni. Ukila nyama yenye vilengelenge hivyo haijaiva, tegu anakua tumboni mwako. Supu iliyotokota saa moja na nusu haiwezi kubakiza hata mmoja hai, lakini hilo si sababu ya kupika nyama isiyokaguliwa. Na hapa kuna jambo watu wengi wanalichanganya. Kile kifafa kinachotajwa pamoja na kitimoto hakitokani na nyama uliyokula moja kwa moja. Kinatokana na mayai ya tegu, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakafika mdomoni kwa mikono isiyooshwa, maji machafu au mboga mbichi, kisha yakaanguliwa na kusafiri ndani ya mwili hadi kwenye ubongo. Hata ambaye hajawahi kugusa kitimoto anaweza kuyapata. Ndiyo maana bomba la kunawia liko mlangoni, sabuni haikosekani, na anayepika amenawa kabla hajashika upawa. Kachumbari ya mchana tunaiosha kwa maji yaliyochemshwa. Kunaweni, tafadhali, hata kama mna haraka ya kwenda kazini.

Namna ya kula ni yako, ila nina ombi. Ndimu na pilipili mbuzi ziko mezani kwa sababu najua bila hizo wengine hawaoni kama wamekunywa supu. Onja vijiko vitatu kwanza bila kitu. Ndimu ikiingia mapema inaifunika pilipili manga, unabaki na uchachu. Kule Singapore wanakula na wali mweupe na vipande vya unga uliokaangwa, virefu, visivyo na sukari, wanavichovya kwenye supu. Sisi tuna chapati na ndizi za kuchemsha. Kwa maoni yangu ndizi zinaizidi chapati hapa, kwa sababu zinanywa supu bila kuichafua. Chai ya rangi tunaitoa bila sukari. Anayetaka sukari aseme.

Jirani zetu wengi ni Waislamu na tunaishi nao vizuri. Kibao chetu kimeandikwa kitimoto kwa herufi kubwa ili asikae mtu kwa bahati mbaya. Kwenye majiko haya hatupiki nyama nyingine, na vyombo havitoki nje ya banda. Kwa wanaoagiza nyumbani, tunamuuliza bodaboda kwanza kama yuko tayari kubeba. Asiyependa hatumlazimishi wala hatumfichi. Kwa hiyo oda yako inaweza kuchelewa dakika kumi tukimtafuta mwingine. Supu tunaifunga mbali na pilipili ya kusaga, uitie mwenyewe ikifika.

Kwa shughuli, iwe kipaimara au send-off, tunapika sufuria zima, ila tuambieni siku moja kabla, kabla ya saa kumi jioni, maana mbavu lazima ziagizwe bucha. Kilo moja tunaihesabia watu watatu. Njoo na chombo chako chenye mfuniko kama unacho. Kwa wanaokula hapa, unalipia nyama. Supu ya kuongezewa ni bure mpaka sufuria likauke, inua tu bakuli.