Usimjibu mnunuzi kwanza

Bagamoyo, masika

Somo yangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, sisi huku wazima. Mama anakusalimu sana, anauliza utakuja lini.

Nakuandikia kwa ajili ya lile shamba lenu la bondeni. Nasikia mnunuzi anataka kumwaga kifusi kwenye kinamasi apime viwanja. Nakuomba, usimjibu kwanza.

Juzi usiku mvua ilipokatika nilichukua kurunzi nikaenda mpaka kwenye ule mkuyu ulioinamia maji. Unalikumbuka lile povu tulilokuwa tukilikimbia, tukisema ni la mashetani? Mwaka huu yako matatu, yananing'inia matawini, kila moja kubwa kama embe dodo. Ni viota vya vyura wa mitini. Jike hutoa ute, akaupigapiga kwa miguu ya nyuma mpaka ukaumuka kama unga wa vitumbua, madume yamemzonga, na mayai yakabaki humo ndani. Juu hukauka, ndani kukabaki kubichi. Siku chache baadaye povu hulegea upande wa chini, viluwiluwi wakaanza kudondoka majini. Nilizima kurunzi nikasikiliza: to, to, to. Nilisimama pale mpaka kanga ikalowa umande. Kikimwagwa kifusi, somo, watadondokea juu ya mawe.

Na kwenye matete wamejaa vyura wale wadogo, hawafiki hata nusu ya kidole chako. Nilimmulika mmoja akiita, koo limevimba kama puto, jani zima linatikisika. Tulikuwa tukibishana kwamba wa kijani ni aina yake na yule wa kahawia mwenye madoa meupe ni aina nyingine. Kumbe ni mtu na mkewe! Mwenye madoa ndiye jike.

Kaka yako anasema pale pana nyoka na kenge tu, bora pafukiwe. Nyoka wapo, sikatai, ila wengi ninaowaona mimi ni wale wadogo wanaofuata vyura, wakikuona wanakimbia. Na kenge ameninyang'anya mayai ya kuku mara mbili. Hata hivyo simchukii. Mvua ikilainisha udongo, jike huchimba kichuguu, akataga humo akaenda zake. Mchwa wenyewe ndio wanaoziba tundu, na mayai yakakaa kwenye joto na unyevu wao miezi na miezi. Kile kichuguu kirefu cha mpakani kina tundu lililozibwa juzijuzi, udongo wake bado una rangi tofauti.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mnunuzi alikuja kiangazi. Aliona tope lililopasukapasuka, akasema hii ni ardhi iliyolala bure. Chini ya tope lile kulikuwa na kobe maji wamejifukia wanangoja mvua. Wiki iliyopita mwanangu kaniletea mmoja. Nilipomgusa pua alikunja shingo ubavuni, hakuirudisha nyuma kama kobe wa nchi kavu, kisha gamba la tumboni likapanda mbele kama mlango wenye bawaba, akajifungia. Tulikaa kimya tukimngoja. Baada ya muda mrefu mlango ukafunguka kidogo, likatokea jicho moja. Mwanangu akanong'ona, "Mama, anatuchungulia." Tukamrudisha palepale alipookotwa.

Najua ada za watoto zimekubana, wala sikuambii usiuze kabisa. Uza huku juu kwenye mikorosho, barabara iko karibu na bei yake ni nzuri zaidi. Bonde liache. Maji yale yakikosa pa kukaa yatakuja majumbani kwetu, nawe unakumbuka jinsi jiko la mama lilivyowahi kuingia maji.

Njoo kabla masika hayajaisha, hata kwa usiku mmoja. Viatu vya mvua vya kukuazima vipo, na kurunzi nimeitia betri mpya.

Ni mimi somo yako