Barua kwa mwanangu: ile busta ya alizeti

Mama, habari za chuo,

Meseji yako ya juzi nimeisoma, eti takwimu inakutesa, kukokotoa unaweza ila mwalimu akiandika "toa maoni kuhusu matokeo" unabaki unatumbua macho. Mimi wa darasa la saba sijui nikufundishe nini, ila ngoja nikwambie ya ile busta, ile dawa ya chupa ya kupulizia eti alizeti izae zaidi, maana hii anaijua mama yako tu na alinicheka wiki nzima.

Unamkumbuka yule kijana wa pikipiki? Alikuja na karatasi ina majina ya wakulima kumi, wote eti wamevuna karibu mara mbili. Nikanunua chupa nne. Na kweli bwana, mwaka ule alizeti ilibeba vichwa kama sinia, ekari mbili zinazonipaga gunia sita zikatoa kumi na moja, nikaanza kutembea kifua mbele nawahubiria watu. Sasa siku hiyo tuko kwenye kahawa, jirani wa ng'ambo ya korongo akasema yeye kapata tisa, ekari mbili hizo hizo, na siku zote anapataga tano, tena hajapulizia hata tone! Kumbe mvua tu. Si unajua Dodoma yetu msimu ni mmoja, na mwaka ule ilianza Desemba haikukata mpaka mwisho wa Machi. Piga hesabu mwenyewe: mimi nimezidisha gunia tano, yeye nne bila chupa. Imebaki gunia moja, na hilo nalo labda ni samadi ya mbuzi niliyomwaga upande wa juu.

Kijana aliporudi nikamuuliza, hawa kumi umewapataje? Akasema ndo waliompigia simu kutaka tena. Nikamwambia, "Mwanangu," aliyekosa anakupigia simu ya nini?

Ndo ile stori yako ya Krismasi, lile gazeti la Marekani la 1936 lililowaandikia watu kuuliza watampigia nani kura ya urais, majibu zaidi ya milioni mbili, likasema Landon anashinda halafu Roosevelt akabeba majimbo 46 kati ya 48. Wametoa majina kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, sasa enzi hizo za njaa mwenye simu na gari ni nani, na wengi waliotumiwa hata hawakujibu. Ndo maana Sensa ya 2022 karani alitufuata mpaka huku kwetu porini, mwenye simu na asiye na simu wote ndani.

Msimu huu nimejaribu mwenyewe, mstari mmoja na busta, unaofuata bila, hivyo hivyo kwa zamu, naandika kwenye daftari lako la zamani. Ilikuwa inaenda vizuri tu ila juzi ng'ombe wa watu wameingia wamekula mistari miwili, yote ya busta. Sasa hiyo naiandikaje, naweka sifuri au naruka? Muulize mwalimu wako, mama, kabla sijaanza kupiga alizeti.

Baba yako