Mjomba, yule kozi hakufuata vifaranga vyako

Shikamoo mjomba. Kwa simu tutabishana tu, bora nikuandikie.

Yule ndege vijana waliompiga manati juzi pale kwenye waya nyuma ya banda, nilimshika mimi kabla hajazikwa. Mwepesi mno, hata gramu 200 hafiki, mgongo rangi ya moshi, mapaja mekundu kama udongo wa Voi, miguu rangi ya chungwa, na mdomoni bado kuna bawa moja la kumbikumbi limeganda. Kumbikumbi mjomba! Mvua ya vuli ilikuwa imepiga usiku na wewe mwenyewe uliona walivyotoka ardhini, sasa huyu alikuwa anawadaka kwa kucha huku anaruka, anawapeleka mdomoni hukohuko hewani. Chakula chake hasa ni wadudu. Anaechukua vifaranga ni mwewe, na huyo unamjua.

Huyu ni kozi wa Amur, ule mto wa mpakani mwa Urusi na China. Kule ndiko anakozaliwa, hata kiota hajengi, anaingia kwenye kiota kikuukuu cha kunguru na jamaa zao, jike anataga mayai matatu manne, wanaatamia kwa zamu karibu mwezi, na makinda yanakaa mwezi mwingine hivi ndio yaruke. Baridi ikianza kuingia wanaondoka, wakubwa kwa wadogo, wanashukia Nagaland huko kaskazini mashariki mwa India, wanakula kumbikumbi mpaka wananenepa. Hapo Nagaland mwaka 2012 walikuwa wananaswa kwa nyavu maelfu kwa maelfu wakauzwa nyama, halafu wanakijiji wenyewe wakakubaliana kuacha, na mwaka uliofuata hakuna aliyenaswa. Hilo linanipa moyo sana.

Kutoka India sasa ndio safari ambayo wewe utaielewa kuliko mtu yeyote, maana umekulia kwenye jahazi. Wanangoja kaskazi! Upepo ukishika wanaingia baharini, zaidi ya kilomita 3,000 za maji matupu mpaka pwani ya Somalia, usiku na mchana, hakuna pa kutua, siku tatu au zaidi. Watafiti wanadhani njiani wanakula kereng'ende, wale wanaovuka bahari msimu huohuo kwa upepo huohuo. Hadithi zako za babu na majahazi ya Bombay, mjomba, ndio hizi hizi.

Wakifika kwetu wanapita tu, wanaelekea Afrika Kusini na Botswana, na mwezi wa nne hivi wanapanda tena kurudi. Yule wetu alishamaliza bahari yote ile, akaja kufia kwenye waya Kisauni. Nimeshindwa kulala vizuri kwa hilo.

Jumapili nakuja na wavu wa kufunika juu ya banda, gharama yangu. Naomba tu uwaambie vijana manati wayaweke kando mpaka mwezi wa kumi na mbili uishe, maana mvua bado ipo na wengine watashuka.