Laptopu tunazouziwa zifunguke na spea zake zipatikane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yenu ya barua maana hili jambo limenikaa rohoni wiki ya tatu sasa.

Nina stationeri ndogo hapa Nkuhungu, Dodoma, nachapa ripoti na tafiti za wanafunzi wa vyuo, kwahiyo laptopu ndo jembe langu. Ikaanza tabia ya kuzima yenyewe, ukifanya kazi dakika ishirini hivi inakuwa ya moto huwezi hata kuipakata, feni inalia, inalia, halafu inazima na kazi ya mtu hujaisevu. Watu wa Dodoma mnajua vumbi letu, mvua ikishakata ndo basi mpaka Desemba huko na upepo haupumziki, nikajua tu humo ndani kumejaa. Nikasema kusafisha feni sio kazi ya kumpelekea fundi, ngoja nifanye mwenyewe.

Nimetoa skrubu tisa, mfuniko haufunguki. Nimehangaika karibu saa nzima kumbe kuna nyingine mbili wamezificha chini ya vile vimiguu vya mpira vilivyobandikwa kwa gundi. Sasa mtu kanunua kitu kwa hela yake, unamfichia skrubu za nini? Nilipofika kwenye feni nikakuta vumbi limeganda kwenye vile vibati vyembamba vya kutolea joto, limekuwa kama kipande cha blanketi, nikalibandua zima zima. Nilifurahi sana. Ila kufika pale ilibidi kwanza nichomoe mkanda wa kibodi, ule mwembamba kama karatasi, umebanwa na kiloki cha plastiki chembamba kama njiti, ambacho unatakiwa ukiinue taratibu na kucha ndo mkanda uachie. Mimi sikujua, hakuna palipoandikwa, nikavuta. Ukachanika.

Basi mashine ikawaka, haichemki tena, haizimi, ila herufi haziandiki hata moja.

Nikampelekea fundi mjini. Akaigeuza akanionyesha, "Dada, hii kibodi hawajaifunga kwa skrubu, angalia mwenyewe." Kweli, imeshikizwa kwenye mfuniko mzima wa juu kwa vijipini vya plastiki vilivyoyeyushwa, vingi mno, kwahiyo ama uviondoe kimoja kimoja na hata ukirudishia haikazi vizuri, ama ununue mfuniko wote pamoja na kibodi yake, na huo Dodoma haupo, uagizwe Kariakoo, laki moja na sabini. Mashine yenyewe niliinunua yuzdi laki nne na nusu! Fundi simlaumu, aliniambia ukweli, na akaniongezea kwamba hata RAM ya hiyo, yani memori yake, imechomelewa kwa risasi kwenye bodi, ikifa ndo imekufa na bodi yake.

Na inawezekana kutengeneza vizuri, ndo kinachoniuma. Dell, HP na Lenovo wanaweka mtandaoni bure vitabu vya jinsi ya kufungua mashine zao hatua kwa hatua, skrubu gani inakaa wapi, mkanda gani unachomolewaje. Yangu ni ya kampuni nyingine, nimetafuta kitabu chake mpaka bando likaisha sijakiona. Ufaransa tangu Januari 2021 laptopu dukani lazima ioneshe alama, kumi ndo ya juu kabisa, kuonesha inatengenezeka kiasi gani, na wanahesabu kama inafunguka kirahisi, kama spea zipo na bei ya hizo spea ikoje. Yani mnunuzi anajua kabla hajatoa hela. Mimi dukani niliulizwa nataka rangi gani.

Ombi langu kwa wanaosimamia ubora wa bidhaa zinazoingia nchini, na kwa wizara ya biashara, na sisi watu wa Dodoma wizara tunayo hapa hapa Mtumba, kwenye mji wa serikali, ni hili: anayeingiza laptopu aonekane na spea zake za kawaida, kibodi, betri, feni na chaji, na karatasi ya kuonesha inavyofunguliwa, kwa Kiswahili. Wafanyabiashara wakubwa wanaziweza hizo gharama, sisi wa stationeri hatuwezi kununua mashine mpya kila mkanda ukichanika.

Kwa sasa nimeazima kibodi ya waya kwa jirani, nimeilaza juu ya ile iliyokufa ndo nachapia, na anaitaka Ijumaa.

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma