Kwa mjomba wangu wa Mombasa, anayesema ziwani hakuna samaki

Shikamoo mjomba.

Natumai goti limepoa na mkaza mjomba hajambo. Sisi huku Entebbe wazima, mvua tu ndiyo haitupi nafasi ya kuanika nguo. Nakuandikia hapa hadharani, wala sikupigii simu, kwa sababu na wewe ulinisema hadharani. Siku ile ya harusi ulisimama na sahani yako ya changu wa kupaka, samaki wa bahari kwa tui la nazi, ukatangaza kwamba samaki wa maji baridi ananuka tope, na kwamba mtu wa Uganda akijisifu amekula samaki ufukweni mwulizeni ufukwe gani. Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikacheka, maana kubishana na mtu mwenye changu wa kupaka mkononi ni kazi bure.

Sasa jibu ninalo. Tumetoka Bugala, mimi na baba watoto na wanao wote, kula kwenye mgahawa mpya uliofunguliwa ufukweni kule Lutoboka. Jina lake silitaji. Kuna mambo nitakayoyasifu na mengine nitayasema vibaya, na sitaki mtu aje kunigongea mlango.

Bugala ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa 84 vya Ssese, ndani ya Ziwa Victoria. Tulipanda MV Kalangala, meli inayotoka Nakiwogo hapa Entebbe saa nane mchana na kufika jioni, mwendo wa saa tatu u nusu hivi. Kurudi ni asubuhi saa mbili, kwa hiyo utake usitake utalala. Mwenye gari lake huzunguka kwa Masaka hadi Bukakata, akavuka kwa feri ya bure mpaka Luuku. Mimi napenda meli. Watoto wanakimbia sitahani, na mtu anapata nafasi ya kukaa bila kuulizwa kitu.

Nikujuavyo, ukishuka pale utaanza kukagua. Utavuta pumzi utafute harufu ya chumvi, huipati. Utatafuta mnazi. Utaona miti imejipanga mistari kwa mistari utadhani ni shamba la minazi la Kilifi, kumbe ni michikichi, iliyopandwa kwa wingi tangu miaka ya 2000 na kula sehemu kubwa ya msitu wa kisiwa. Matunda yake hukamuliwa hapohapo, mafuta ghafi yakavushwa kwenda Jinja kusafishwa. Nazi, mjomba, uje nayo.

Kisha utaniuliza maji yanapwa saa ngapi. Hayapwi. Meza uliyowekewa karibu na maji saa kumi utaikuta palepale saa mbili usiku. Ila ziwa hili lina kujaa kwake, kwa miaka. Mwezi Mei 2020 kipimo cha kimo cha maji cha Jinja kilisoma mita 13.42, kikaipita rekodi ya 1964, na fukwe za Lutoboka zikazama na vibanda vyake. Nguzo za baa moja ya zamani bado zimesimama ndani ya maji, ndege wamezifanya kituo. Waliojenga mgahawa huu mpya waliiona hali hiyo, wakaweka jiko na sakafu juu ya nguzo za mbao, wakaacha mchanga wa mbele uwe wa viti vya plastiki tu. Msitu unateremka mpaka nyuma ya jiko. Tumbili nao wanateremka, na chipsi wanazijua.

Tukaletewa menyu, na hapo ndipo nilipokukumbuka kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa: kamba wa kuchoma, ngisi wa kukaanga, pweza. Nikamwita mhudumu, kijana mmoja mpole sana, nikamwuliza kamba hawa wanavuliwa wapi. "Wanatoka Mombasa, nnyabo," akanijibu, tena kwa fahari. Mjomba, kamba wako! Wamegandishwa, wamepakiwa lori, wamepita Nairobi, wamepita Malaba, zaidi ya kilomita elfu moja barabarani, wakapandishwa meli nasi pengine, ili waliwe kwenye kisiwa kilichozungukwa na samaki. Bei yao shilingi elfu themanini za Uganda. Ngege mzima, yaani sato, aliyevuliwa upande ule wa pili wa miamba, elfu thelathini na tano, naye ameandikwa ukurasa wa tatu, chini ya kuku.

Meza ya jirani walikuwa vijana kutoka Kampala, kila mmoja na kamba zake. Nilizitazama. Zilikuwa zimejikunja, ngumu, zimefunikwa mchuzi mzito wa kitunguu saumu ili zisiulizwe umri. Simlaumu kijana mhudumu. Ila mwenye mgahawa namlaumu, kwa sababu anajua. Ameona picha za fukwe za kwenu na za Zanzibar, akadhani ufukwe bila kamba haujakamilika, na wageni wake wanadhani hivyohivyo. Wanalipia barafu.

Mimi nikaomba niende jikoni. Tabia hiyo nimeirithi kwa mama, unajua. Nikamkuta mpishi, mama wa makamo, anapara ngege kwa kisu kilicholika hadi kubaki nusu. Nikamwuliza asubuhi ile mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kumepatikana nini. Akanitazama kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo tangu wamfungulie jiko. Akafunua sanduku la barafu. Ndani mlikuwa na sangara, huku tunamwita mputa, wa kilo saba au nane hivi, macho bado maangavu yenye kung'aa, matamvua mekundu.

Huenda ukaona si ajabu kukuta sangara kisiwani. Ni ajabu. Sangara mkubwa akitoka majini ana mwenyewe tayari. Wavuvi wengi hukopeshwa nyavu na petroli na matajiri, na deni hulipwa kwa samaki. Boti zenye barafu zinawapokea samaki hao mwaloni na kuwavusha hadi viwanda vya Entebbe na Jinja, huko wanachunwa minofu, na minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Bondo lake, lile puto la hewa la tumboni, hukaushwa likaenda China na Hong Kong, na kwa kilo linaushinda mnofu kwa mbali sana. Kwa mwenyeji hubaki kichwa na mgongo uliochunwa, ambao wenzetu wa Mwanza wanauita mapanki. Ndiyo maana unaweza kukaa Kalangala, mji wa kisiwa hiki, mwezi mzima, maji mbele na maji nyuma, ukala maharage.

Tena mwaka 2017 jeshi lilipopewa kazi ya kusimamia uvuvi, sangara asiyefika sentimita 50 akawa kesi, na boti isiyofika futi 28 ikawa kesi. Wenye viwanda wanasema samaki wakubwa wamerudi. Wenye mitumbwi midogo wamebaki nchi kavu, na wako waliochomewa mitumbwi hiyo mbele ya macho yao. Nilipogusa habari hii mpishi alirudi kupara samaki wake. Sikuendelea.

Lakini huyu wa sandukuni alinunuliwa na mgahawa wenyewe, alfajiri, kabla boti ya barafu haijafika. Hilo ndilo la kuwasifu, na ndilo wangeliandika ukurasa wa mbele. Bondo lilikwisha kutolewa, bila shaka. Nikaagiza kichwa.

Basi sikiliza. Kichwa kilipasuliwa katikati, kikasuguliwa ndimu na chumvi, kikaachwa. Nyanya zilikaangwa na vitunguu hadi zikatoa mafuta juu, hapo ndipo kichwa kikaingia na maji kidogo, moto ukapunguzwa. Hakuna bizari, hakuna tui, hata pilipili waliileta pembeni. Mimi niliyelelewa na biriani nilianza kunung'unika kimoyomoyo. Kilipokuja mezani, mafuta ya samaki mwenyewe yalikuwa yameufanya mchuzi uwe mzito wenye kung'aa. Sangara ana mafuta mengi, na mengi yapo kichwani: nyuma ya jicho, shavuni, chini ya taya, pale pa ute. Nyama ya shavu inatoka vipande vipana vyeupe. Tulikula na matoke yaliyovumbikwa kwenye majani ya mgomba, yakanyonya ule mchuzi, na posho, ndiyo ugali kwa huku, kwa baba watoto asiyeamini kitu kingine. Mjomba, hukusikia neno mezani kwa robo saa. Mwanangu wa mwisho, yule ambaye huwezi kumlisha, alinyonya mifupa.

Mnofu wa mgongoni ulichomwa juu ya mkaa. Mzuri, lakini mimi sitauagiza tena, ulikauka. Ngege alikaangwa mzima, amechanjwa mbavuni, mapezi yanavunjika kama biskuti. Huyo mpe mkaza mjomba.

Sasa tope lako. Harufu unayoisema ipo, siwezi kukukatalia. Inatokana na kitu kinachoitwa jiosmini, kinachotolewa na vijidudu na mwani katika maji yaliyotulia, na samaki hukihifadhi kwenye mafuta na ngozi. Ndiyo maana samaki wa bwawani hunuka zaidi. Yule uliyemla ulipokuja kumzika baba alinunuliwa pembeni ya barabara, sijui alitoka bwawa gani, na ukatuhukumu sote kwa huyo. Samaki wa maji mapana ni habari nyingine. Na tindikali huivunja harufu hiyo, kwa hiyo zile ndimu ambazo bibi alikuwa akisugulia samaki kule Majengo zilikuwa na kazi yake.

Usije pia ukaniambia sangara si samaki wa ziwa hili. Najua. Aliletwa na wakoloni katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960, akatafuna samaki wadogo wa asili, wale nkejje, hadi aina nyingi zikapotea. Hata huyu ngege tunayemla leo aliletwa, yule wa zamani sasa ni nadra kumwona. Babu yangu mzaa baba naye alikuja huku kwa kazi ya reli, na hakuna aliyemrudisha.

Mengine niyaseme haraka. Chakula kilichukua saa moja na nusu, ukizingatia kwamba samaki alikuwepo na moto ulikuwepo. Spika waliifungia mtini ikaelekezwa ziwani, kana kwamba samaki ndio walioomba muziki. Na usiku ulipoingia waliwasha taa nyeupe upande wa maji. Mtu yeyote wa mwaloni angewaambia: wadudu wa ziwa huja kama moshi, wanafuata mwanga, wanaingia kwenye chai, kwenye mchuzi, kwenye sikio. Mpishi ndiye aliyetoka na kanga kichwani akazizima mwenyewe bila kumwuliza mtu. Giza liliposhika tukaona taa nyingine mbali majini, za wavuvi wa dagaa, mukene kwa huku. Kama wenzao wa kwenu, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika, kwa sababu dagaa hawaifuati taa.

Watoto nilikataa wasiingie majini kwenye matete, wakanuna. Ziwa hili lina kichocho, kinabebwa na konokono wa maji ya kando, na mchanga mzuri haukizuii. Wewe na mazoea yako ya kujitosa kila unapoona maji, nakuonya mapema. Ukitaka kuoga, kuna bafu.

Kuhusu kamba, nilimwandikia mwenye mgahawa kwenye daftari la wageni. Nilimwambia auweke ukurasa wa tatu mbele, amwongeze mukene wa karanga na samaki wa moshi kwenye mchuzi wa njugu, vitu ambavyo mpishi wake anavipika akiwa usingizini lakini hajaambiwa avipike. Sikuona hata kimoja kwenye menyu. Kijana mhudumu alisoma pale pale niliposimama, akacheka, akasema bosi haji mpaka Ijumaa.

Kwa hiyo tupange. Shule zikifungwa nyumba ina nafasi, chukua basi la usiku, nitakupokea Kampala. Niambie wiki moja kabla, kwa sababu yule mama amenipa namba yake, na ameniahidi kwamba nikimpigia jioni, asubuhi yake atateremka mwaloni kumtafutia mjomba sangara kabla ya boti ya barafu. Lete nazi mbili na ukwaju. Anataka kuonyeshwa hicho cha kupaka unachojivunia, ameshasema atakupisha jikoni, ila sangara atamchagua yeye.

Mpwa wako,
Entebbe